Mnavaa magauni, mnakula hela za wanawake, halafu mlango mnatufungia: povu langu kuhusu visual kei

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa K-pop, maana haya si mambo ya Korea. Ni rock ya Japani, nimekasirika kweli, na nitaandika kirefu. Asiyependa kusoma apite.

Kwa wageni: visual kei ni ile rock ambayo wanaume wanapanda jukwaani na poda nyeupe usoni, wanja mzito, kope za bandia, nywele zimesimamishwa kama zinataka kugusa taa, na wengine magauni kabisa. Nipo Tokyo kikazi, na hizi kumbi ndogo za chini ya ardhi ndiyo starehe yangu. Wengine wana mpira, mimi nina hii.

Sasa bendi ninayoifuata tangu nifike huku, jina nalihifadhi, imetangaza onyesho la wanaume watupu. Mwanamke hauziwi tiketi, na mlangoni kitambulisho kinakaguliwa. Si wao walioanzisha, desturi hii ipo miaka mingi na bendi kubwa kadhaa zimewahi kuifanya. Wapo wanaoitetea kwamba ni kwa ajili ya wanaume wanaoona haya kusimama katikati ya wanawake, na hilo naweza kulielewa, maana siku za kawaida utamwona mwanaume mmoja mmoja kajibanza ukutani huko nyuma. Kukosa usiku mmoja hakuniui. Kilichonichoma ni maneno ya mwimbaji chini ya tangazo, kwamba hatimaye atasikia sauti nzito za rock ya kweli. Na juu ya maneno hayo kaweka picha yake: gauni jeusi la lesi lenye tabaka tatu, kucha nyekundu, kajifunika kwa upepeo wa mkononi hadi puani.

Sisi tuliokuwa tunapasua koo miaka yote hiyo tulikuwa tunafanya nini mle ndani, tunabembeleza watoto?

Haya tuhesabu hela, maana wengi hamjui mambo haya yanaendeshwaje. Usiku wa kawaida kwenye ukumbi mdogo unakuta bendi nne au tano. Mlangoni wanakuuliza umekuja kumwona nani, jibu lako linaandikwa. Bendi imepangiwa idadi ya tiketi, na isipofikisha, pengo inalipa yenyewe kwa mwenye ukumbi. Yaani kuna bendi zinapiga muziki na kurudi nyumbani na deni. Tiketi ni yen 4,000 na kitu, na juu yake unalazimishwa kununua kinywaji, yen 500 au 600, hata kama unataka maji tu. Anayejaza idadi hiyo ni nani? Ni wauguzi waliotoka zamu, wauzaji wa maduka, wasichana wa ofisini, wanafunzi waliokuja na basi la usiku kutoka Osaka au Nagoya wakiburuza sanduku la magurudumu. Wanabadilisha nguo chooni stesheni, kesho asubuhi wanarudi kazini. Hao ndio wanaomfanya yule kaka wa gauni asilale na deni.

Onyesho likiisha, meza ya biashara inafunguliwa. Hapo ndipo pa kuona. Kuna picha za papo hapo, zile zenye fremu nyeupe zinazotoka kwenye kamera ya Fujifilm, huku zinaitwa cheki. Zimefungwa ndani ya bahasha isiyoonyesha. Huchagui. Unalipa, unapasua, kumbe umepata mpiga drams na wewe moyo wako uko kwa mpiga besi. Unarudi kwenye foleni. Pale nje kwenye ngazi wasichana wamechuchumaa, picha zimepangwa kwenye kitabu cha plastiki juu ya magoti, mmoja kashika karatasi kaandika kwa kalamu nene: natoa drams, nataka besi. Mvua inanyesha, mwenzake kamshikia mwavuli juu ya kitabu, si juu ya kichwa. Singo nayo inatolewa kwa matoleo matatu, wimbo ni uleule, kilichobadilika ni jalada na kile kiwimbo cha nyongeza, ili mtu mmoja anunue tatu. Biashara nzima imepangwa juu ya mkoba wa mwanamke mmoja kuufungua mara nyingi. Halafu huyohuyo ndiye asiye shabiki wa kweli!

Na si hela tu, ni kazi. Kila wimbo una miondoko yake ya mashabiki. Pale unatingisha kichwa hadi nywele zinafuta sakafu, pale unanyoosha mikono yote kumwelekea mpiga gitaa kama ua linalochanua, pale mstari mzima unasukumana kwenda mbele hadi mbavu zinalia kwenye chuma cha kizuizi. Bendi nyingi hazifundishi. Wanaojua ni dada wa mstari wa mbele, wa nyuma wanawaangalia wao, na ndani ya dakika moja ukumbi wote unaenda pamoja. Toa wale dada, utabaki na wanaume watano waliojipodoa wakipigia ukuta.

Malipo yetu ni kuitwa bangya kwa mdomo uliopinda. Jina lenyewe si baya, ni msichana wa bendi tu, na wengi tunajiita hivyo kwa raha zetu. Ubaya ni namna linavyotamkwa na wale wanaojiona wanajua muziki: bangya hajui gitaa, kapenda sura. Ukivuka umri fulani wanakutengenezea jina jingine la kukuita shangazi. Sawa, tumependa sura. Sura hiyo nani kaipaka? Mmekaa mbele ya kioo saa mbili mnachora nyusi, mmeweka picha kubwa ya uso kwenye jalada, jarida la SHOXX lililoanza 1990 liliishi kwa picha za nyuso zenu, halafu mwanamke akisema umependeza anaambiwa hana masikio.

Chukulia bendi ya Dir en grey. Walianza 1997 na mapambo yote mnayoyajua. Kadiri vipodozi vilivyopungua na safari za nje zilivyoongezeka, hadi wakawa kwenye ziara ya Family Values ya bendi ya Korn kule Marekani mwaka 2006, ndivyo waandishi wa metali walivyoanza kuwaita wanamuziki wakomavu. Nawapenda Dir en grey, wala sina ugomvi nao. Nauliza tu huo ukomavu ulipimwa kwa nini, kwa muziki au kwa sabuni? Maana wale wasichana waliokuwa wanawafuata tangu 1997 walishasikia ule uzito kabla mhakiki yeyote wa Marekani hajajua kutamka jina lao. Hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1998 mpiga gitaa hide wa bendi ya X Japan alipofariki, watu wapatao 50,000 walikwenda kumuaga kwenye hekalu la Tsukiji Hongan-ji hapa Tokyo. Picha zilizozunguka zaidi ni za wasichana wanaolia. Mwanaume akilia kwa ajili ya timu yake anaitwa mwenye mapenzi ya dhati, msichana akimlilia mpiga gitaa aliyempa ujana wake ni mgonjwa wa akili.

Sasa nageukia nyie wa humu humu, maana nanyi mna lenu. Kila nikitupia picha ya Hizaki wa bendi ya Versailles na lile gauni lake la kifalme na gitaa mkononi, naulizwa "huyu demu au njemba?" na vicheko kurasa tatu. Ni mwanaume, anapiga gitaa kukuzidi wewe na ukoo wako. Anampenda nani kitandani halinihusu, na gauni halisemi. Huku mwanaume kucheza mwanamke jukwaani si habari mpya. Kabuki, ile michezo ya jadi ya jukwaani, ilianzishwa na mwanamke, Okuni, mwaka 1603 kule Kyoto, na watu walikuwa wanajaa kumwona kavaa kiume na upanga kiunoni. Mwaka 1629 serikali ikapiga marufuku wanawake jukwaani. Baadaye vijana wa kiume nao wakaondolewa, wakabaki wanaume wazima kucheza nafasi za kike, na hao ndio wakageuka fahari ya taifa. Mnaona mtindo? Mwanamke anaanzisha, anafukuzwa, gauni lake linabaki kazini.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema visual kei imevunja mipaka ya jinsia nataka kucheka. Imeivunja upande mmoja. Mwaka 1997 Izam, mwimbaji mwanaume wa bendi ya SHAZNA, alikuwa kwenye kila televisheni na wimbo wa Melty Love, mrembo kuliko watangazaji waliokuwa wanamhoji, na nchi nzima ikafurahi. Mwanamke je, akitaka kupanda jukwaani na mtindo huo huo? Bendi ya exist†trace ilianza 2003, wanawake watano, mwimbaji wao Jyou anapanda na sura ya kivulana na ngurumo ya kutisha. Miaka yote hiyo wanatajwa kama kioja, "bendi ya visual ya wasichana", utadhani wamekuja kutembelea. Mwanaume akivaa kike ni sanaa, mwanamke akivaa kile kile anaambiwa sasa hapo maajabu yako wapi, wewe si mwanamke tayari? Wanawake wanaotaka kucheza wanaume wana Takarazuka yao, kundi la maigizo ya nyimbo la wanawake watupu, tangu 1914, yenye watazamaji karibu wote wanawake, na nayo inapigwa jicho lile lile la "mambo ya akina mama".

Kuna mtu anaitwa Mana, huyo naomba nimtoe kwenye lawama hii. Mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, yule asiyeongea hadharani, ananong'ona tu sikioni mwa mwenzake. Mwaka 1999 alianzisha chapa yake ya nguo, Moi-même-Moitié, magauni meusi na ya buluu ya kigothiki, marefu, yenye kola hadi shingoni. Wanawake wakayanunua wakavaa wao, hawakuishia kumtazama yeye. Mtu yule alichukua akarudisha. Na ukimwona dada kavaa lile gauni kwenye treni ya saa tatu usiku, halijashonwa kumfurahisha mwanaume yeyote humo ndani. Ghali mno, lakini hilo ni uzi mwingine.

Halafu kuna lile la kukumbatiana na kubusiana jukwaani, mpiga gitaa anamlamba mwimbaji shingo na ukumbi unalipuka. Bendi inajua inachofanya, inajua ni lini, na mara nyingi ni wimbo ule ule kila mji. Kesho yake mtandaoni anayelaumiwa ni nani? Wasichana wenye mawazo machafu. Na msanii akigundulika ana uhusiano na shabiki, jina linalochafuliwa ni la msichana, hadi anaacha kwenda maonyesho. Jamaa anabadilisha rangi ya nywele anaendelea.

Nanyi dada zangu, siwaachi. Wanaomchafua huyo msichana kwenye kurasa za majungu mtandaoni usiku kucha ni sisi. Wanaogawa nafasi za mstari wa mbele kama viwanja vya ukoo ni sisi. Mimi nimewahi kuondolewa mbele na dada mmoja mwenye daftari, kwa heshima zote, anainama huku ananifukuza, eti nafasi ile ya upande wa gitaa ina wenyewe tangu ziara iliyopita. Nikamwambia nimelipa tiketi. Akainama tena. Nikahama.

Kwetu taarab ikikolea ukumbini, mama anainuka na dera lake, anakwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa, noti juu ya noti, na mwimbaji anaurudia ubeti akimtazama machoni. Kila mtu pale anajua nani anaendesha shughuli. Sijawahi kusikia kundi likitangaza usiku wa wanaume watupu ili hatimaye lisikilizwe vizuri.

Nawasilisha.

EDIT: Wanaouliza kwa nini nisiache tu. Muziki naupenda, nani kakwambia naacha? Ninachoacha ni meza yao. Tiketi nitanunua, mlangoni nitasema nimekuja kuiona bendi nyingine, iandikwe hivyo. Bahasha wauziane wenyewe na wale wenye sauti nzito.

EDIT 2: Wewe uliyeandika "dada rudi nyumbani uolewe", nimekuripoti.

EDIT 3: Mwenye kujua bendi za wanawake za mtindo huu zinazopiga kweli, si za kuuza sura, atupie majina hapa chini. Nyimbo za exist†trace ninazo zote, msinirudishie hizo.