Nimerudi na nyonga ya bandia, na nyumba nzima ipo chini. Nifanyeje?

Bint Makorora
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Nimebadilishwa nyonga ya kulia huko Dar baada ya kuchechemea miaka. Kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu, kikafa, kikaanza kubonyea. Upasuaji wenyewe namshukuru Mungu, kidonda kinakauka na natembea kwa magongo mawili. Shida ni nyumbani.

Nimepewa masharti: nisikunje nyonga kupita nyuzi 90, nisipandishe mguu juu ya mwenzake, nisiugeuzie ndani. Ukiyasikia ukiwa wodini unaona mepesi. Ukifika nyumba ya Kiswahili ndiyo unagundua maisha yetu yote yanaendeshwa sakafuni. Choo cha kuchuchumaa, tena uani. Jiko la mkaa chini. Beseni la kufulia chini. Chakula mkekani. Mbuzi ya nazi ndiyo usiseme, ukiikalia magoti yanakaribia kidevu.

Halafu watu. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila wangu mimi hawaondoki! Wanakuja kunijulia hali tangu asubuhi, wanakaa kitandani kwangu, na kila mmoja ana dawa yake. Mzito zaidi ni mama mkwe. Ananipenda, ndiye aliyekaa na wanangu muda wote nilipokuwa Dar, siwezi kumvunjia heshima. Lakini ameshaandaa mafuta na anataka kunikanda kwa maji ya moto kama mzazi. Nimetoa visingizio mpaka vimeniishia. Mtoto wa mwisho ana miaka mitatu, anataka abebwe. Mume yuko bandarini kwa zamu, mara nyingi anarudi tumelala.

Naomba waliopitia wanisaidie, hasa hapo kwenye choo na mama mkwe.

Kijana wa Raskazone
Pole sana dada. Mwambie mama mkwe daktari amekataza, basi.

Bint Makorora
Kaka, ungemjua usingeandika "basi". Jibu lake: daktari mwenyewe mtoto wa juzi, mimi nimekanda wazazi mtaa mzima.

Muuguzi Mstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi, hebu tulia nikueleze.

Masharti hayo hayakuwekwa kukutesa. Nyonga ya bandia ni kichwa kilichokaa ndani ya kikombe, na nyama zilizokatwa kukizunguka bado hazijashikana. Ukijikunja sana kisha mguu ukageukia ndani, kichwa kinachomoka. Wengi huambiwa wayashike masharti kwa wiki 6 hadi 12, lakini inategemea daktari alipitia mbele au nyuma ya nyonga, kwa hiyo usifuate ya jirani. Fuata karatasi yako. Siku kichwa hicho kikichomoka hutauliza kama ndicho: maumivu ya ghafla, mguu unaonekana mfupi, umegeuka, na huwezi kuukanyagia.

Sasa kukandwa. Maji ya moto kwenye kidonda kibichi ni kuita wadudu. Kusugua mguu ni hatari zaidi, maana baada ya upasuaji wa nyonga damu huwa rahisi kuganda kwenye mishipa ya miguu, na ndiyo sababu wengi hupewa vidonge au sindano za kuzuia. Kama ulipewa, maliza dozi hata kama unajiona mzima. Bonge likiwa limejificha mguuni na mtu akalisugua, linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Shavu la mguu likivimba, likauma na kuwa na joto, usisubiri kesho. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, hapo ni kukimbia hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa, au kidonda kilichokuwa kikavu kikaanza kuvuja.

Ila usimnyime mama mkwe kazi. Magongo yanaumiza mabega na viganja, sivyo? Mpe mabega. Mwambie mguu ni wa hospitali, mabega ni yake, na akande kweli. Mabega yatapata nafuu, naye atakuwa amemuuguza mkwewe.

Mazoezi usiache: kuchezesha nyayo juu chini kila ukikumbuka, kukaza paja, kukaza makalio. Tembea kidogo kidogo mara nyingi, usingoje mchana ukamalize safari zote kwa mkupuo. Kwenye ngazi, ukipanda tangulia na mguu mzima. Ukishuka, magongo na mguu wa upasuaji vitangulie. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya mapaja. Na kama dawa za maumivu zimekufunga choo, papai na maji mengi.

Bint Makorora
Shikamoo mama. Mabega! Yananiuma kuliko hata mguu na wala sikuwaza. Leo leo namwambia.

Fundi Mbao Ngamiani
Dada, la choo niachie mimi, nilimtengenezea marehemu baba. Chukua kiti cha mbao imara, si cha plastiki, plastiki inapinda miguu ukiegemea upande mmoja. Kinatobolewa katikati, kinasimamishwa juu ya tundu la choo, kina mikono miwili ya kushikia. Usiku unakiweka chumbani na ndoo chini yake, huna haja ya kutoka uani gizani. Urefu ndio wenyewe: simama, mtu akupime toka nyuma ya goti hadi kisigino, kisha ongeza inchi mbili. Ukikaa, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Chini ya kila mguu wa kiti gongomea kipande cha tairi la baiskeli, maana choo chenye maji kinateleza, na misumari ikae pembeni isiguse saruji. Tairi chakavu Tanga hazikosekani.

Kitanda nacho kinyanyue kwa matofali, moja kila pembe, lakini hakikisha yamelala bapa. Usiyasimamishe.

Mama wa Pangani
Shoga, mie nilivunjika nyonga nikawekewa ya bandia, najua unachosema. Ukiwa na magongo huna mkono. Hata kikombe cha chai huwezi kukitoa jikoni. Nilichofanya: kanga nilifunga ncha nikaivaa shingoni kama mkoba, humo simu, dawa, chupa ndogo ya chai yenye kifuniko. Kitu kikianguka, upembo ule wa kuangulia maembe, nauvuta nao. Dera ndio vazi, nguo zenye kuingiza mguu ni mpaka mtu akusaidie, na uanze na mguu mgonjwa. Kandambili weka mbali, vaa kiatu kinachoshika kisigino. Mikeka ya njiani yote kunja.

Kupika, hamisha jiko. Mtungi mdogo wa gesi juu ya meza, unapika umesimama, na kiti kirefu nyuma yako. Nazi akune binti au ununue iliyokunwa. Wataongea, waache waongee.

Wageni watolee viti barazani na wewe ukae huko nao, kiti chako cha juu. Asikalie mtu kitanda chako. Mimi walikuwa wakikaa, godoro linabonyea, nateleza kuelekea kwao na mguu unageuka. Tena huko barazani wakichoka wanaondoka wenyewe, chumbani wanalala kabisa.

Mtoto usimbebe. Kaa kwanza, umeweka mto mapajani, kisha apande mwenyewe upande wa mguu mzima. Wangu alizoea, akawa ananiuliza "mama upande gani?" kabla hajasogea.

Ustadh wa Kona
Dada hajauliza ila najua litamjia. Swala usiache na usijilazimishe. Mtume alimwambia Imran bin Huswain aliyekuwa mgonjwa: swali umesimama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Kaa kwenye kiti, sijda iashirie kwa kichwa, iwe chini kidogo kuliko rukuu, bila kukunja kiuno kupita walivyokukataza. Udhu, miguu akuoshee mwanao.

Dereva Mikanjuni
Kurudi kliniki Dar ni kama kilomita 350, usikae mfululizo. Omba kiti cha mbele chenye nafasi ya miguu, kalia mto mgumu, na basi likisimama Segera na Chalinze shuka utembee hata kama ni kuzunguka basi tu. Bodaboda usifikirie. Kwenye teksi, kiti cha mbele kirudishwe nyuma, unakaa kwanza ndipo miguu inaingia yote kwa pamoja.

Shemeji Mtu
Samahani Mama Muuguzi, mimi ni mume wa mgonjwa mwingine. Na yale mambo ya ndani je?

Muuguzi Mstaafu
Usiombe samahani, kliniki wanaona haya halafu wanajiamulia nyumbani. Wengi huambiwa wangoje wiki 6 hivi, na mkeo akilala chali miguu ikiwa imeachana ndiyo salama zaidi. Muulizeni daktari wenu, amezoea.

Bint Makorora
Nimesoma yote, nimemsomea na mume. Mama mkwe amekubali mabega, ila amesema na mguu wa kushoto ni wake kwa sababu huo haukupasuliwa. Nimemweleza habari ya damu kuganda kuwa inaweza kuwa mguu wowote, kanyamaza, kaenda kumsimulia jirani kama alilijua siku nyingi. Mbuzi ya nazi kaiweka juu ya kabati mwenyewe.

Fundi, nimepimwa. Nyuma ya goti hadi kisigino ni inchi 16, kwa hiyo kiti kiwe 18. Mlango wa choo ni mwembamba, kiti kisizidi inchi 20 upana. Unaweza kuja lini?

Fundi Mbao Ngamiani
Kesho baada ya Adhuhuri. Kiti nakuja nacho hakijatobolewa, tundu nitalitoboa hapo hapo baada ya kuona choo kilivyokaa. Mwambie mama mkwe aandae chai.