MAJIRANI SEGEREA: Nani huyo anakimbia alfajiri?

*Novemba, Jumamosi*

[04:52] Mama Neema: Mlio macho jamani. Kuna mtu kapita mbio mbele ya geti langu. Kavaa kofia, na kichwani ana kitu kinawaka

[04:53] Mama Neema: Mbwa wa Mzee Salehe anabweka hadi sasa

[04:55] Kelvin: Usitoke nje mama

[04:55] Kelvin: Ukumbuke tunakaa jirani na gereza 😂

[04:56] Mama Neema: Ndicho ninachowaza, na wewe unacheka

[04:58] Mjumbe: WALINZI MKO WAPI? Aliye karibu na mashine ya kusaga apige filimbi.

[05:01] Mzee Salehe: Asalam aleikum. Mimi naelekea msikitini, nimepishana naye. Amenipa shikamoo huku anahema. Mwizi hana muda wa shikamoo.

[05:03] Mama Careen: Ni mume wangu. Mtusamehe

[05:03] Mama Neema: 😳 Anamkimbia nani?

[05:04] Mama Careen: Hata mimi nimemuuliza hivyohivyo

[06:48] Baba Careen: Habari za asubuhi majirani. Ni mimi, samahanini kwa usumbufu. Najiandaa na Kilimanjaro Marathon, mwisho wa Februari kule Moshi. Zile kilomita 42. Jua likishatoka sikimbiliki, na saa mbili nafungua duka, ndiyo maana natoka muda huo. Hicho kinachowaka ni tochi.

[06:50] Kelvin: Mzee baba 42 kwa miguu??

[06:50] Baba Careen: Kwa miguu

[06:51] Kelvin: Kutoka hapa si unafika Kibaha na chenji inabaki

[06:57] Mwl. Rehema: Ni 42 na mita 195, tuwe sahihi.

[06:58] Mama Neema: Hizo 195 ni za nini sasa, si wangefunga hesabu

[07:03] Mwl. Rehema: Ni mambo ya Waingereza. Olimpiki ya London 1908 walianzia mbio kwenye kasri la Windsor na kumalizia mbele ya jukwaa la mfalme, umbali ukaangukia hapo. Mwaka 1921 ndiyo ukapitishwa rasmi dunia nzima. Kwa hiyo Baba Careen anaongezewa umbali kama wa kutoka kwa Mangi hadi mashine ya kusaga kwa sababu ya kiti cha mfalme.

[07:05] Baba Careen: Asante mwalimu, sasa nitazikimbia kwa hasira

[07:09] Mzee Salehe: Mwaka jana huyu bwana akitoka kwa Mangi na mfuko wa sukari alikuwa anapumzika mara mbili. Nilikuwa namwona.

[07:10] Baba Careen: Kweli mzee. Nilikuwa na kilo 94 na presha juu. Nilianza kwa kutembea tu, mwezi wa sita nikaenda zile za 21. Sasa hivi 83

*Novemba, Alhamisi*

[06:15] Kelvin: (video)

[06:15] Kelvin: Mkimbiaji wetu huyo. Angalieni nani anampita kulia 😂😂😂

[06:17] Mama Neema: Si mama wa vitumbua huyo! Na beseni kichwani!

[06:18] Mjumbe: Baba Careen kwa mwendo huu Februari utafika Machi.

[06:40] Baba Careen: Chekeni. Huo ndio mwendo wenyewe. Kipimo changu ni kuongea: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, nimezidisha. Mwaka jana kila siku nilikuwa nakimbia kama nafukuza daladala, wiki ya tatu nikaumwa magoti, nikaacha

[06:44] Dada Salma: Mwacheni baba wa watu. Kwenye klabu yetu ya jogingi wapya wote wanaugua ugonjwa huohuo. Wanadhani ni mchakamchaka wa shule ya msingi, bado mkiranja yuko nyuma na fimbo

[06:45] Dada Salma: Mimi mwenyewe naenda Moshi, ila 21. Ratiba yako ikoje shemeji?

[06:52] Baba Careen: Jumanne na Alhamisi fupi, 8 au 10. Jumapili baada ya ibada nachechemea tu na mama watoto. Jumamosi ndiyo ndefu. 16, 18, 21, halafu wiki ya nne nashuka hadi 14 mwili upumue, kisha napanda tena. Ndefu kuliko zote itakuwa 32

[06:53] Mama Neema: Na hizo kumi zilizobaki?

[06:53] Baba Careen: Hizo utaniombea

[06:59] Mama Neema: Wewe ni mtu wa Songea, Moshi huijui. Mimi nimezaliwa Kibosho. Nusu ya kwanza watawapeleka barabara ya Dar huko, tambarare, utajiona bingwa. Mkisharudi mjini ndio mnapandishwa MWEKA. Gari lenyewe kule linaingiza gia namba moja

[07:00] Baba Careen: Mama Neema nilikuwa na furaha kabla hujaandika

[07:02] Dada Salma: Twende Pugu Jumamosi. Tunashukia Majumba Sita, Gongo la Mboto, tunapanda Pugu hadi Kisarawe. Dar kwingine utazoea lami ya barafu, siyo mlima

[07:02] Dada Salma: *bapa, siyo barafu. Simu hii

[07:03] Kelvin: Lami ya barafu 😂😂 naomba kufika huko

*Desemba, Jumapili*

[19:20] Mama Careen: Jamani nauliza wenye uzoefu. Huyu mtu jana karudi saa nne, kala ndizi tano, sufuria ya wali ya watu wanne, mayai, halafu kalala sebuleni na raba miguuni mpaka saa tisa. Wageni wamekuja wakampita

[19:22] Dada Salma: Kawaida kabisa

[19:22] Mama Careen: Na nguo zile nafua mimi

[19:23] Baba Careen: Nazifua mwenyewe tangu lini jamani

[19:23] Mama Careen: Tangu nilipoandika hapa

[19:31] Mzee Salehe: Mimi nawakumbusha vijana kitu kimoja. Sisi tulikuwa na Juma Ikangaa. Boston 1988 alikosa ushindi kwa sekunde moja tu, mbele ya Mkenya Ibrahim Hussein. Mwaka uliofuata akashinda New York, saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Alikuwa anaongoza toka mwanzo, hajifichi nyuma ya watu. Alikuwa hatambai kama Baba Careen.

[19:34] Kelvin: Mzee na Simbu wetu je? Marathon ya mashindano ya dunia, Tokyo Septemba 2025, yeye na Mjerumani wote wameandikiwa 2:09:48. Wametenganishwa na picha!

[19:36] Mwl. Rehema: Sehemu 3 za mia za sekunde. Kilomita 42 zote hizo, halafu inaamua kifua.

[19:38] Mzee Salehe: Ile sekunde ya Ikangaa Mungu aliihifadhi, akaja kumrudishia Simbu. Nililia, sifichi.

[19:40] Mjumbe: Wasiolipa hela ya taka majina nayaweka kesho.

*Januari, Jumamosi*

[08:37] Baba Careen: Kelvin uko na pikipiki?

[08:37] Kelvin: Niko, vipi

[08:38] Baba Careen: Njoo Pugu Kajiungeni unichukue. Mguu

[08:38] Mama Careen: MGUU UMEFANYAJE

[10:05] Baba Careen: Niko nyumbani. Ni ujinga wangu. Leo ilikuwa 26 za taratibu. Pale Majumba Sita nikakutana na klabu fulani, fulana za njano, ngoma, nyimbo, filimbi. Nikaunga. Nikajiona nina miaka ishirini. Salma aliniita, nikajifanya sisikii. Nimefika mlimani Pugu, hapa nyuma juu ya kisigino pakakaza kama waya

[10:06] Dada Salma: Alinisikia. Aligeuka kabisa akanipungia

[10:14] Sista Upendo: Baba Careen, ukibonyeza sehemu moja kwa kidole panauma? Ukitembea unachechemea?

[10:15] Baba Careen: Vyote

[10:17] Sista Upendo: Basi siku kumi hakuna kukimbia. Mtu asikukande na maji ya moto leo, wala mafuta ya mamba

[10:18] Baba Careen: Nina diklofenaki hapa, nikinywa si naweza Jumanne

[10:21] Sista Upendo: Hapana! Dawa inaunyamazisha mguu, haiuponyi, utakukatikia mbele ya safari. Na wewe ni mtu wa presha. Hizo dawa zinaipandisha presha, na ukizinywa halafu ukakimbia mwili umekaukiwa maji, figo ndizo zinaumia. Irudishe ulikoitoa

[10:25] Mzee Salehe: Lakini John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alianguka, goti likafungwa bandeji, na akamaliza. Uwanja umeshaanza kuwa mtupu, yeye anaingia. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kumaliza.

[10:27] Sista Upendo: Shikamoo mzee. Akhwari alitumwa na nchi. Huyu ametumwa na daktari wa presha

[10:28] Mama Neema: 😂😂😂 Sista umemaliza

[10:33] Mwl. Rehema: Na msisahau saa. Akhwari na goti lile alitumia saa 3 na dakika 25. Baba Careen miguu yake yote mizima amepanga ngapi?

[10:34] Baba Careen: Tano na nusu

[10:34] Kelvin: Kwa hiyo mgonjwa angefika, akaoga, akala, akaja kukupokea

[10:36] Sista Upendo: Endesha baiskeli ya mtoto kama unawashwa. Maumivu yakiisha ukiwa unatembea na kupanda ngazi, anza na dakika ishirini

[10:50] Baba Careen: Na hizo raba nimezitazama, soli upande mmoja imeisha. Nilinunua mtumba Karume 45,000, zilikuwa zinang'aa

[10:52] Kelvin: Juu zinang'aa, chini marehemu. Siku nyingine zikunje katikati, zikikunjika kama kandambili ziache. Na chukua namba moja zaidi, mguu unavimba

*Februari, Jumatano*

[05:40] Mama Neema: Wiki mbili sijamwona Baba Careen alfajiri. Amekata tamaa?

[05:41] Mama Neema: Mimi nilishazoea. Akipita ndio naamka kubandika chai

[06:10] Baba Careen: Nipo Mama Neema. Ile 32 nilikosa kwa ajili ya mguu, nimeishia 29, na hiyo ilikuwa ndefu ya mwisho. Sasa hivi napunguza, nakimbia kidogo tu. Mazoezi ya wiki hizi hayaongezi kitu tena, yanachosha tu

[06:11] Mama Careen: Amekuwa hatulii ndani. Jana kapanga vijiko

[06:15] Baba Careen: Kila kiungo kinauma. Nilipokuwa nakimbia 29 hakikuuma

[06:22] Sista Upendo: Sikiliza mambo ya siku yenyewe. Akiba ya sukari kwenye misuli na ini ikifika kilomita ya 30 hivi inakuwa imekwisha kwa watu wengi, mtu anajikuta amegonga ukuta, miguu mawe, akili haipo. Usisubiri njaa. Toka mwanzoni, kila dakika arobaini weka kitu mdomoni, na kiwe kile ulichokifanyia mazoezi, usijaribu kipya siku hiyo. Maji kunywa kwa kiu. Ukibugia maji matupu saa tano nzima chumvi inashuka kwenye damu, hiyo nayo inalaza watu

[06:25] Mzee Salehe: Tende. Mpwa wangu kaleta kutoka Muscat. Pita uchukue kilo, unitoe kokwa mwenyewe.

[06:26] Baba Careen: Nizitoe kokwa mzee 😂

[06:26] Mzee Salehe: Ndivyo nilivyosema.

[06:31] Mama Neema: Kaka yangu atakupokea Moshi. Jumamosi mchana utakula MTORI, usiku ugali kidogo au wali. Maharage nisisikie

[06:33] Dada Salma: Na vaseline shemeji. Mapajani, kwapani, na chuchu uzibandike plasta

[06:33] Mjumbe: Jamani humu kuna watu wazima na heshima zao.

[06:34] Dada Salma: Mjumbe fulana ikilowa jasho inasugua kama msasa. Waliomaliza na damu kifuani wapo, siyo utani

[06:35] Kelvin: Kikao cha ulinzi kimegeuka kikao cha chuchu

[06:36] Mjumbe: Kelvin.

*Februari, Jumapili*

[09:50] Dada Salma: Nimemaliza 21! 2:24. Niko Uwanja wa Ushirika, mlima unaonekana wote leo

[09:51] Mama Neema: Hongera mwanangu! Baba Careen?

[09:52] Dada Salma: Bado sana

[11:15] Mama Careen: Salma?

[11:16] Dada Salma: Bado dada

[11:40] Mama Careen: Jua limekuwa kali huko?

[11:41] Dada Salma: Kali. Wanaoingia sasa hivi wengi wanatembea

[11:58] Mzee Salehe: Mimi nimefunga na kulala imeshindikana. Semeni chochote.

[12:06] Dada Salma: NAMWONA

[12:06] Dada Salma: Kofia haipo. Anachechemea, lakini anakimbia

[12:08] Dada Salma: Kaingia!! 5:37

[12:08] Mama Careen: 😭😭😭

[12:09] Kelvin: SEGEREAAAA

[12:09] Mzee Salehe: Alhamdulillah. Sasa nalala.

[19:52] Baba Careen: Majirani asanteni. Simu ndiyo nimeiwasha. Barabara ya Dar nilikuwa bingwa kama alivyosema Mama Neema. Mweka nimeipanda nikikimbia hadi kilomita ya 28, halafu nikatembea, sioni aibu. Kuna watoto wawili peku kule migombani walinisindikiza, wakachoka kunisubiri, wakaenda mbele, wakarudi tena kuniangalia kama bado nipo. Kushuka ndiko kulikonimaliza, mapaja yote yamekataa. Ukucha wa kidole gumba umeondoka. Mzee Salehe, tende zimefika hadi 35

[19:53] Baba Careen: Mwalimu, zile mita 195 nimezihesabu. Moja moja

[19:55] Mwl. Rehema: Hongera sana. Malalamiko peleka Windsor.

[19:57] Mzee Salehe: Ukirudi futari kwangu, wewe na mama na watoto. Ngazi zangu ni tatu tu, tutakubeba.

[20:14] Mjumbe: Baba Careen hongera kwa kuuwakilisha mtaa. Hela ya ulinzi ya Februari, 5,000, bado sijaiona.

[20:15] Mama Neema: Mjumbe! Miezi minne mtu anazunguka mtaa alfajiri na tochi, huyo si ndiye mlinzi mwenyewe?

[20:17] Mjumbe: Mlinzi gani anakimbia.