Naomba ushauri: hoja ya mamlaka ya Zanzibar ndani ya Muungano ijengwe juu ya nini?

Ndugu wanajukwaa, ninawaandaa wanafunzi wa kidato cha sita kwa mdahalo kuhusu mamlaka ambayo Zanzibar inastahili kubaki nayo ndani ya Muungano. Kila tukikaa tunaishia kwenye hesabu: mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano kwa pande zote mbili, yalikuwa 11 mwaka 1964, leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba inayo 22, na Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ya mwaka 2013 ilitaka yabaki saba. Ninaona hesabu hiyo haitoshi, lakini sijui niwaelekeze wapi.

Jibu la 1
Mwalimu, waache kuhesabu, wapime uzito. Orodha ya mwanzo tayari ilikuwa na mambo ya nje, ulinzi, polisi na uraia, ambayo ndiyo dola yenyewe, na yaliyoongezwa baadaye hayalingani: Baraza la Mitihani halina uzito wa sarafu na benki kuu. Mwaka 1993 Zanzibar ilijitoa OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, kwa sababu ya jambo moja tu kati ya hayo, mambo ya nje.

Jibu la 2
Naafiki, ila kwangu swali kubwa ni nani anaweza kuibadili orodha. Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Hiyo ni kinga ya kweli, na wanaoibeza wanakosea. Hata hivyo kura hizo hupigwa kwenye Bunge la Muungano, Dodoma, ambako Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Wazanzibari wenyewe, hupeleka wajumbe watano tu. Wabane hapo: ridhaa ya Zanzibar itolewe na nani?

Jibu la 3
Msisahau mafuta na gesi asilia. Yamo kwenye orodha, lakini Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie yake, nayo ikatunga sheria yake mwaka 2016. Nilifurahi sana, lakini bado nina hofu, kwa kuwa madaraka yaliyotolewa kwa sheria ya kawaida yanaweza kurudishwa kwa kura za kawaida, bila theluthi mbili ya upande wowote.

Muuliza
Nawashukuru sana. Mada sasa itakuwa kwamba ridhaa ya Baraza la Wawakilishi iwe sharti la kubadili mambo ya Muungano. Wapingaji nitawapa hoja moja nzito ya kuanzia: Tanzania Bara haina baraza lake la kutoa ridhaa kama hiyo.