Diwani kaniuliza: "Tukikupa nusu ya bajeti, barabara zitakuwaje?" Nijibu vipi?

Fundi_Kalvati: Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha barabara za wilaya, nyanda za juu kusini. Kila mwaka tunapeleka orodha ya kilomita, bajeti inakatwa, tunarudi kupunguza kilomita. Safari hii diwani mmoja kanibana: "Injinia, tukikupa nusu, baada ya miaka mitano nitakuwa na barabara ya namna gani?" Nikabaki nimeduwaa. Wenzangu mnaionyeshaje?

Mzee wa Greda: Kijana, diwani wa hivyo ni nadra, usimwache. Ila usimwambie nusu ya fedha ni nusu ya ubora. Changarawe yenye mitaro safi inavumilia. Mitaro ikiziba maji yanapita katikati, na misimu miwili ya mvua inatosha kukuachia udongo mtupu. Hapo matengenezo ya kawaida hayasaidii tena, unajenga upya. Benki ya Dunia ilipiga hesabu mwaka 1988 kwa nchi 85 zinazoendelea: barabara za dola bilioni 45 zilipotea kwa kukosa matengenezo ya dola bilioni 12.

Mama Lami: HDM-4, programu ya kompyuta ya kukadiria hali ya barabara kwa bajeti tofauti, inajibu swali hilo hilo la diwani. Unaipa hali ya barabara, idadi ya magari, hali ya hewa na gharama, unaijaribu kwa bajeti tatu. Ukiilisha takwimu za kukisia, itakupa uongo wenye desimali mbili. Mara ya mwisho mmehesabu magari lini? Na bodaboda?

Fundi_Kalvati: Mwaka juzi. Bodaboda hapana 😅

Mama Lami: Basi anzia hapo. Siku saba, na siku ya mnada iwemo.

Mhasibu wa Kijijini: Iliyopitishwa siyo iliyoingia. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Hela ikiingia Januari mnamwaga changarawe kwenye tope. Ongeza hesabu ya nne: fedha ile ile, ila imechelewa.

Mzee wa Greda: Grafu waachie wizarani. Chukua barabara ya kata yake: kwa bajeti hii lori la viazi linapita mwaka mzima, kwa ile linakwama kuanzia Februari. Na fedha ikiwa nusu kweli, chagueni za kulinda na za kuacha. Mkigawa kidogo kidogo ili kila kata iridhike, zinakufa zote.

Fundi_Kalvati: Hapo kwenye kuacha ndipo kazi ilipo. Yenye magari machache kuliko zote inaenda kwa mwenyekiti.

Mama Lami: 😂 Hiyo HDM-4 haina sehemu ya kuijaza.