KUJAZA VIWELE KABLA YA MASHINDANO: majaji mtajifanya hamuoni mpaka lini?

Wakuu, salamu leo fupi. Nimetoka kwenye mashindano ya mbuzi wa maziwa na hasira zangu, bora nizimwage hapa kuliko kuwamwagia wa nyumbani.

Kuna wafugaji wanaingiza uwanjani mbuzi ambao hawajakamuliwa tangu jana yake mchana, makusudi, ili kiwele kionekane kikubwa na kimebana. Kila aliye na banda pale anajua. Waandaaji wanajua, maana maziwa yanadondoka mbele ya meza yao. Na utepe wa kwanza unakwenda hukohuko.

Kundi letu lilikuwa la majike wa uzao wa pili. Aliyeshinda alikuwa anatembea miguu ya nyuma ameitanua, chuchu zimeelekea pembeni, ngozi ya kiwele inang'aa. Ule mfereji wa katikati, unaoonekana kwa nyuma ukigawa kiwele pande mbili, ulikuwa umefutika kabisa. Jaji alipopeleka mkono akapigwa teke. Akacheka, akaandika alama zake. Mbuzi wetu wa aina ya Saanen, aliyekamuliwa kwa ratiba yake ya kila siku na kuongozwa na binti yangu, akashushwa kwa maelezo kwamba kiwele chake "hakina ujazo". Njiani binti akaniuliza kama mwakani tusimkamue. Haya, wajuzi, nimjibu nini?

Sababu ya mchezo huu naijua. Kwenye kadi ya alama ya chama cha mbuzi wa maziwa cha Marekani, ADGA, ambayo wengi wanaifuata au wanaiiga, jike aliyekwisha kuzaa anapimwa kwa alama 100, na 35 kati ya hizo ni za kiwele. Hapo ndipo ushindi unapopatikana au kupotea. Lakini hizo 35 si za ukubwa! Jaji anatakiwa aangalie kiwele kimeshikamana vipi na mwili mbele na nyuma, kano ya katikati ina nguvu kiasi gani, chuchu zimekaa wapi, na nyama yake ni laini au ngumu. Kiwele kilichojazwa kupita kiasi kinaficha karibu yote hayo. Chenye nyama nyingi na maziwa kidogo kinaonekana sawa na cha mkamuliwaji hodari, mpaka uvikamue vyote viwili: kizuri kitanywea na kulegea, cha nyama kitabaki palepale kimevimba.

Halafu wanakuja wale wa "mbuzi hasikii kitu, mbona ananyamaza". Ni kweli mbuzi anahifadhi sehemu kubwa ya maziwa chini, kwenye uwazi ulio juu ya chuchu, kwa hiyo akicheleweshwa anavumilia kuliko ng'ombe. Uvumilivu huo una kikomo. Ikikaribia saa 20 hivi bila kukamuliwa, maungio ya chembe zinazotengeneza maziwa huanza kuachia. Chumvi ya damu inaingia kwenye maziwa, sukari ya maziwa inapenyea kwenye damu, na utengenezaji wa maziwa unashuka. Chuchu inayovuja ni mlango ulioachwa wazi, na mbuzi huyohuyo analala juu ya matandiko ya banda la watu wengi. Akirudi nyumbani na ugonjwa wa kiwele, mwenye utepe atasema ni uchovu wa safari. Mbuzi mwenye maumivu kwenye kiwele hana raha, hata kama hapigi kelele, na aliyepigwa teke pale alijibiwa waziwazi.

Anayeumia zaidi ni mfugaji mgeni. Anaona utepe, anakwenda kununua mtoto wa yule bingwa kwa ajili ya familia yake, anamlea, anampandisha, anasubiri miezi mitano ya mimba, kisha anakamua kikombe. Kitabu cha rekodi za maziwa hakuonyeshwa na hakujua kukiuliza. (Wala matokeo ya kipimo cha CAE, ugonjwa wa mbuzi unaoletwa na virusi, hakuyauliza, ingawa virusi hivyo hupita hasa kwenye dang'a na maziwa. Hilo nitalifungulia uzi wake, nisichanganye hasira.)

Dawa ipo na si ngeni. Uingereza kuna mashindano ya ukamuaji ya saa 24: jioni mbuzi wote wanakamuliwa mpaka mwisho mbele ya wasimamizi, kisha maziwa ya saa 24 zinazofuata yanapimwa uzito na mafuta. Sisi hatuhitaji hata maabara. Tunahitaji muda mmoja wa kukamua uliotangazwa kwa wote, mtu wa kusimamia, na jaji aliye tayari kurudia kushika kiwele kikiwa kitupu kabla hajatoa utepe wa mwisho. Niliuliza kwa nini halifanyiki, nikaambiwa litachelewesha ratiba. Hotuba za wageni wa heshima hazikuchelewesha kitu, sivyo?

Na kwa mnaojiandaa kuandika kwamba nina wivu: pangeni siku, leteni mabingwa wenu jioni tuwakamue wote hadharani, asubuhi na jioni inayofuata tupime. Mimi Saanen wangu nitamleta. Andikeni majina yenu hapa chini.