Kupata maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani, popote zilipo

Mtunga Mafumbo

Wakuu, habari zenu. Natunga mafumbo ya maneno kwa vijana wanaojifunza Kiingereza. Ninalo faili la maneno, neno moja kila mstari. Nahitaji yote yenye A, R na T, zikae popote. Nikiandika "art" kwenye kisanduku cha kutafutia, naletewa "heart", "party", "quarter". Ila "train", "water" na "tractor" hayaji, ilhali yana herufi zote tatu. Nikipitia kwa macho, mengi yananipita. Halafu kuna seti ngumu zaidi, kama Q, T na Z.

Najua zipo tovuti za kazi hii, lakini nataka njia ninayoielewa mwenyewe. Kijana akiambiwa jibu lake si sahihi, kumbe ni sahihi, anavunjika moyo, na hilo sitaki litokee.

Mpanga Herufi

Mtunga, umeuliza jambo ninalolipenda sana, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Kisanduku chako kinatafuta A, R, T zikiwa zimeshikana na kufuatana hivyo hivyo. Dawa ni kuchuja herufi moja moja. Ukiwa na Linux au macOS, fungua dirisha la amri uandike hivi (grep ni amri ya kutafuta mistari, na maneno.txt ni jina la faili lako):

`grep -i a maneno.txt | grep -i r | grep -i t`

grep ya kwanza inabakiza mistari yenye A. Kile kistari cha wima kinaipokeza ya pili, inayobakiza yenye R, kisha T. "Train" inapita, "water" inapita, hata "theatre". Hiyo `-i` inaifanya isijali herufi kubwa wala ndogo. Ukitaka herufi fulani isiwepo kabisa, ongeza `| grep -iv e`, na kila neno lenye E litaondoka.

Sasa, kabla hujaenda mbali, amua swali lako ni lipi, maana watu huchanganya matatu. La kwanza ni hilo lako: neno liwe na herufi hizi, na nyingine zikiwemo si tatizo. La pili ni neno lisiwe na herufi *nyingine*:

`grep -i '^[art]*$' maneno.txt`

Hapo utapata "rat" na "tar", lakini pia "tart" na "attar", kwa sababu amri hiyo haihesabu. Anayecheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, akiwa na T moja mkononi hawezi kuandika "tart". Swali la tatu ndilo lake: herufi hizi, kila moja kwa idadi niliyo nayo.

Kwa hilo la tatu, ikiwa unatumia herufi zote, iko njia moja nzuri mno. Chukua kila neno, panga herufi zake kialfabeti, na mpangilio huo uwe ufunguo wake. "Listen" inakuwa *eilnst*. "Silent" nayo *eilnst*. "Enlist", "tinsel", "inlets", yote ufunguo ni huo huo. Ukishaandaa faili la funguo, huna haja ya kukisia tena: unapanga herufi zako, unatafuta ufunguo, maneno yote yanatoka pamoja. Kwa mtunga mafumbo hii ni hazina.

Kuhusu Q, T na Z: kompyuta haijali uanze na ipi, jibu ni lile lile. Lakini kwa kalamu na kamusi, anza na herufi adimu. Alfred Butts, aliyebuni Scrabble, alihesabu herufi kwenye magazeti ndipo akagawa vipande: E ipo kwenye vipande 12, Q na Z kimoja kimoja, kila kimoja alama 10. Kwa hiyo alama kubwa ikuonyeshe pa kuanzia. Ukishika Q, U karibu kila mara iko nyuma yake, na maneno yanayobaki ni machache: "quartz", "quetzal", "quantize", "quizmaster".

Safu na Mistari

Nakubaliana na Mpanga. Kwa asiyetaka dirisha la amri, weka maneno kwenye safu A ya Excel, kisha kwenye B1:

`=AND(ISNUMBER(SEARCH("a",A1)),ISNUMBER(SEARCH("r",A1)),ISNUMBER(SEARCH("t",A1)))`

Iburute hadi chini, chuja zilizoandikwa TRUE. Ni ndefu lakini kila kipande kinasomeka.

Nisisitize jambo moja: orodha yenyewe. Faili la `/usr/share/dict/words` lililomo kwenye macOS limetoka kwenye kamusi ya Webster ya mwaka 1934. Lina maneno zaidi ya 234,000, mengi hayasikiki popote leo, na maumbo mengi ya wingi hayamo. Kwa vijana halifai. Tafuta orodha iitwayo ENABLE, ina maneno zaidi ya 170,000, wingi na nyakati za vitenzi zimo, na ni ya umma, unaitumia bure.

Mtunga Mafumbo

Ahsanteni sana. Nimebadilisha orodha, na grep inafanya kazi vizuri. Funguo nitaziandaa. Swali la mwisho: nikitaka irabu zote tano, tena kwa mpangilio wa A, E, I, O, U?

Mpanga Herufi

Hapo mpangilio unarudi, ila herufi hazishikani. Nukta na nyota maana yake ni "chochote hapa katikati, au kitupu":

`grep -i 'a.*e.*i.*o.*u' maneno.txt`

Utapata "facetious" na "abstemious". Ukitaka herufi moja mara mbili, ni mtindo huo huo: `'e.*e'`. Ila "education" na "sequoia" hazitapita kwenye amri ya irabu, ingawa zina zote tano, kwa kuwa mpangilio wake ni mwingine. Hizo zipate kwa njia ya kwanza, grep tano zikipokezana.