Mjadala: Walimu wa ziada sekondari wahamishwe hata wasipotaka?

Mtaaluma: Wahamishwe, ila tuhesabu sawasawa kwanza. Ofisi ya elimu ikitazama vichwa tu, ikama (idadi ya walimu inayotakiwa) 16, waliopo 16, basi shule imetosha. Ratiba ndiyo husema kweli. Chukua shule ya madarasa 8. Hisabati vipindi 6 kwa wiki kila darasa, jumla 48, mwalimu mmoja. Historia vipindi 3, jumla 24, walimu 4. Hapo wawili wanaondoka bila kuumiza mtu.

Chaki Moja: Hesabu yako ina tundu, ndugu. Hao wa Historia wanafundisha na Jiografia. Ongeza vipindi 24 vingine, gawa kwa 4: kila mmoja ana 12. Toa wawili, waliobaki wanabeba 24 kila mmoja, bado zamu na madaftari ya kusahihisha. Inawezekana, lakini wa Hisabati bado ni yule yule mmoja! Mwaka 2017 hapa Tanzania walimu wa ziada wa masomo ya sanaa walipelekwa shule za msingi. Hilo halikuongeza hata mwalimu mmoja wa Fizikia sekondari.

Faili la Utumishi: Fedha mmezisahau. Kwa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, mwajiri akikuhamisha anadaiwa posho ya kujikimu siku 14, posho ya usumbufu asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, nauli ya familia na gharama za mizigo. Kwa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi, posho ya usumbufu peke yake ni 960,000. Aliyeomba mwenyewe hujigharamia. Kwa hiyo mwalimu akiambiwa "andika tu barua ya kuomba, tukusaidie", asiandike. Barua hiyo inafuta madai yote.

Mtaaluma: Sawa. Barua isitoke kabla fedha haijatengwa.

Chaki Moja: Na nani anachagua wa kuondoka? Mkuu wa shule akiachiwa orodha peke yake, mwenye kuuliza maswali kwenye kikao ndiye atakuwa ziada. Vigezo vitangazwe kabla ya majina: vipindi kwa somo, miaka kituoni, ugonjwa, mwenza anafanya kazi wapi.

Faili la Utumishi: Miaka kituoni unaihesabu upande gani? Ukitoa mgeni kila mara, ajira mpya itazunguka vituo vitatu kabla haijakaa. Aanze anayejitolea, wapo wenye wenza kata ya jirani. Ila barua yake isomeke kuwa anahamishwa na mwajiri, la sivyo amejinyima posho kwa hiari yake.